Kwa Mama Felicitas, Aliyekula Senene kwa Imani

Senene wameanguka tena hapa Kishanda, Mama, na kwa hesabu hiyo mwaka umetimia tangu utuage. Ulifariki Novemba ya mwaka jana, 1956, asubuhi ambayo majirani wote walikuwa rweya, kule kwenye nyasi, wakiokota. Waombolezaji wa kwanza walifika na vikapu mikononi. Hatukuwalaumu, maana kama ungekuwa mzima ungewauliza wamepata kiasi gani kabla ya kuwauliza habari za nyumbani.

Tumekusanyika sisi wanao kuandika kumbukumbu hii ili isomwe baada ya Misa yako ya Jumapili. Baba, mumeo Byabato, ameketi karibu na mlango na kazi yake ni kutusahihisha. Tukiandika kwamba ulikuwa mtu wa amani, anasema tuache kupamba. Tukiacha kupamba, anasema mambo mengine si lazima parokia nzima iyasikie. Tumekubaliana kumtii mara moja moja, ili asione tumemdharau.

Ulijifunza kusoma kwa masista, kwenu Kamachumu, ukiwa msichana. Ulipoolewa ulikuja kwa Baba na jembe, kisanduku cha nguo, na Agano Jipya la Kiganda. Ulikuwa ukisoma Kiganda kimoyomoyo na kututolea Kihaya papo hapo, bila kukwama. Wanawake wengine walisikia Neno kanisani Jumapili wakaliacha hukohuko, padre alitunze mpaka Jumapili nyingine. Wewe ulilibeba mpaka nyumbani. Kwako yale maneno yalikuwa kweli ya Mungu, na kweli ya Mungu ilikuwa jambo la kufanya siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla ya ndizi kuiva jikoni.

Uliposoma kwamba mtu akitaka kusali aingie chumbani mwake na kufunga mlango, ulifunga mlango. Shida ni kwamba msonge wetu ulikuwa na mlango mmoja tu, na ndani tulikuwamo sote, mbuzi wakiwemo. Ulitutoa nje mmoja mmoja, mvua inanyesha, kisha ukafunga. Mzee mmoja aliyepita kutusalimu alisimama nasi chini ya migomba akauliza kuna nini humo ndani. Baba akamjibu kwamba mke wake anasali. Mzee akauliza kama ni sala ndefu. Baba akasema inategemea leo anawaombea wangapi, kisha wakasogeleana wapate kushiriki jani moja la mgomba.

Uliposoma kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, ulikwenda kuhesabu kanzu za Baba. Zilikuwa mbili. Jumapili iliyofuata Baba aliiona ya pili imekaa benchi la mbele kanisani, imevaliwa na mtu asiyemjua, halafu ikampita taratibu kwenda kupokea komunyo. Anasema Misa ile hakusikia kitu. Ulipomwona amenuna njiani ulimwambia ashukuru Mungu kwamba hakuwa na tatu.

Lakini jambo ambalo Kishanda nzima inakukumbukia ni lile la senene wa mwaka 1937. Baba ametuomba tulipite. Hatulipiti.

Kwa vijana ambao hawakuzikuta siku zile, tueleze. Senene waliokotwa na wanawake, wakanyonyolewa mabawa na miguu na wanawake, wakakaangwa na wanawake, wakaliwa na wanaume. Mke aliyemletea mumewe kikapu kizuri alinunuliwa nguo mpya, na hapo alihesabiwa kuwa ameshiba. Kuonja ilikuwa mwiko. Watu waliamini kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, kirefu, kilichochongoka, na paji la uso limelala kwa nyuma. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona mtoto wa namna hiyo. Kila mtu, hata hivyo, alikijua kijiji alichozaliwa, na siku zote kilikuwa kijiji cha pili.

Mwaka ule Baba alijiandaa mapema. Alipanda lori mpaka Bukoba mjini, akaenda Bilele kwa fundi Burhani, akakushonesha gauni la maua mekundu. Ulimletea kikapu kilichojaa mpaka juu, ukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, ukawatia chumvi na kumwekea sahani mbele yake. Kisha, badala ya kurudi jikoni, ukaketi. Ukachukua senene mmoja kwa vidole viwili, ukafanya ishara ya msalaba, ukamtia mdomoni. Baba anasema alidhani utamtema. Halafu akausikia ule mlio wa meno.

“Felicitas, umefanya nini?”

“Nimekula, Baba Aristides. Chumvi imepungua kidogo.”

“Lakini una mimba.”

“Najua ninayo. Yohana Mbatizaji alikula nzige kule jangwani, na Bwana mwenyewe alisema katika wote waliozaliwa na wanawake hakuna aliyempita. Sasa hicho kichwa kilichoharibika kiko wapi?”

Mama mkwe wako, Bibi Clotilda, alikuwa ng'ambo ya moto akimenya ndizi. Kisu kilisimama. Alikuwa amebatizwa uzeeni na alimpenda Mungu kwa dhati, ila aliona kwamba Mungu alifika Kishanda akaikuta ina utaratibu wake.

“Huyo Yohana wako,” Bibi akauliza, “alikuwa na mimba?”

Hapo uliinuka, Mama. Ulikwenda kuleta kitabu, ukatafuta, ukapata.

“Hakuwa nayo, waitu mama. Lakini Bwana anasema kimwingiacho mtu mdomoni hakimtii unajisi, ila kile kimtokacho. Amesema mtu. Hakusema mwanamume.”

“Vizuri,” akasema Bibi. “Kile kitakachokutoka wewe, miezi saba ijayo, tutakiona sote.”

Akaendelea kumenya ndizi. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba mtoto akizaliwa na kichwa cha senene utarudi Kamachumu na kitabu chako, na yeye atamtafutia mwanawe mke asiyejua kusoma. Kisha akamtazama Baba. Baba alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kukutetea. Alikohoa.

Ulikataa lile gauni. Ulisema mwaka huu umelipwa kwa njia nyingine, apewe mama mkwe. Bibi alilivaa kanisani Jumapili ileile, na kwa muda wote aliokuwa amelivaa hakukusemesha.

Ile miezi saba ilikuwa mirefu kwa Baba. Alikupenda, na hilo ametuambia leo mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kanisani aliungama imani yote bila kuruka neno. Akifika nyumbani na kuliona tumbo lako limeongezeka, anaanza kuamini na mengine. Alianza kutazama vichwa vya watu. Wakati wa mahubiri alikuwa akipita benchi moja baada ya jingine kwa macho, akitafuta kirefu kuliko vyote, apate kujua kama mtu anaweza kuwa nacho na bado akaoa. Padre alidhani ameguswa na mahubiri.

Alipokwenda tena mjini alimweleza Burhani. Fundi yule alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

“Kwetu sisi Waislamu huyo ni halali, bwana. Hata kuchinjwa hachinjwi.”

“Hata kwa mwenye mimba?”

Burhani akawaza. “Hilo kamuulize shehe. Mimi fundi, najua mabega.”

Baba hakwenda kwa shehe. Alirudi Kishanda akakukuta kibanjani unapalilia, ukiwa na senene waliokaushwa umewafunga kwenye pindo la kanga. Akakuomba uache japo mpaka ujifungue. Ulimwambia maneno ambayo ameyashika mpaka leo. “Baba Aristides, mimi naogopa kama wewe. Usiku wa juzi niliota kichwa. Lakini nikiacha kula sasa, nitakuwa nimesema kwamba Bwana alisema kweli kwa Wayahudi tu, na alipofika kwa Wahaya akakosea. Siwezi kusema hivyo.” Ukampa senene mmoja, naye akamla kwa masikitiko.

Mwezi wa sita mwaka 1938 ulishikwa na uchungu Jumatatu, na mtoto akazaliwa Jumatano. Alikuwa wa kiume. Alilia vizuri, alikuwa na vidole vyote, na kichwa kilikuwa kirefu.

Tuseme kama kilivyokuwa, maana mwenyewe ametupa ruhusa. Kilichongoka kwa nyuma, na paji lilikuwa limelala. Mkunga alikitazama, kisha akajishughulisha na maji. Bibi Clotilda aliingia, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Tulitegemea atatoka nje kutangaza kwamba alisema. Alikaa chini palepale akalia, kwa sababu alikuwa ameshinda ubishi na aliyeshindwa alikuwa mjukuu wake.

Habari zilizunguka Kishanda kabla kitovu hakijafungwa vizuri. Wanawake walikuja kukupa hongera na macho yao yakaenda moja kwa moja kwenye kitambaa ulichomfunika nacho mtoto. Wewe ulimfunua mwenyewe ili wasipate taabu.

“Mtazameni,” ukawaambia. “Ametembea siku tatu kwenye njia nyembamba. Nani kati yenu angefika mzuri?”

Walipoondoka uligeukia ukutani na ukalia pia. Bibi alikuona. Akakuletea uji. Ulipomaliza uji ulimwomba akuletee kitabu, na kwa mara ya kwanza tangu uolewe alikishika kwa mkono wake. Alikibeba mbali na mwili kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Ulikiweka kando ya mtoto bila kukifungua ukalala.

Siku ya nne Bibi alikuwa akimwogesha. Alikuwa akiosha kwa upole, huku akiongea na mtoto kwa Kihaya, akimwambia kwamba watu wa ukoo wake ni wenye mioyo mizuri na hawataangalia kichwa. Mkono wake ukapita kisogoni. Ukarudi. Ukapita tena.

“Mpelekeni kwenye mwanga,” akasema.

Wakampeleka mlangoni. Bibi akamgeuza upande huu na upande ule. Akaita majirani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, asije mmoja akamharibia mwingine mawazo. Wote walisema neno moja: kichwa kilikuwa cha mviringo, kichwa cha kawaida kabisa cha watu wa Kishanda, wala hakikuwa na uzuri wowote wa ziada.

Wakamwendea mkunga. Mkunga akasema, bila haraka, kwamba watoto wengi wanaokaa njiani siku mbili au tatu huzaliwa hivyo na hurudi sawa ndani ya wiki. Amewaona wengi mno.

“Sasa mbona hukusema?” Baba akamuuliza.

“Wale mama zao hawakula senene,” akasema mkunga. “Huyu nilidhani ni wa aina nyingine.”

Mtoto akaitwa Buberwa. Ana miaka kumi na tisa sasa, anasomea ualimu, na kofia za dukani zinamtosha. Tunaliandika hili kwa sababu bado kuna akina mama wanaomshika kichwa wakimsalimia.

Msimu uliofuata ulikaanga tena. Bibi aliingia jikoni akasimama nyuma yako, akiwa amevaa lile gauni la maua mekundu. Alikuomba umsomee tena pale penye habari za kimwingiacho mtu. Ulimsomea. Akakuomba urudie ahakikishe kama kweli imesemwa mtu. Ulirudia. Akafikiri.

“Mimi sizai tena,” akasema. “Kama kuna kichwa cha kuharibika, sijui kitakuwa cha nani.”

Ulimpa sahani. Alichukua mmoja akamtafuna polepole, kwa meno ya upande mmoja. Akachukua wa pili. Alikuwa amewaokota tangu akiwa mtoto mdogo, kwenye umande, kwa ajili ya baba yake, kisha kwa ajili ya mumewe, kisha kwa ajili ya wanawe watano. Machozi yakamtoka akiwa anatafuna.

“Felicitas,” akasema, “kumbe walikuwa watamu hivi miaka yote?”

Ulimshika mkono. Mlikula mpaka sahani ikaisha, na Baba alipokuja kuulizia wake mlimwambia asubiri wa kesho. Bibi alikula senene misimu kumi na mmoja kabla hajafa, na wa kwanza kupakuliwa alikuwa yeye.

Tulidhani kumbukumbu hii itaishia hapo, Mama. Tulikuwa tumefika kwenye kuandika majina. Baba akasema tusifunge kalamu, kuna jambo. Tulidhani ni ile kanzu.

Alisema kwamba siku ya pili baada ya Buberwa kuzaliwa, kichwa kikiwa bado kirefu, aliondoka asubuhi akasema anakwenda kutafuta chumvi. Hakwenda kutafuta chumvi. Alitembea mpaka Kamachumu kwa baba yako. Alimkuta nje anaanika kahawa. Akamwambia, “Tata, tengeneza mahali. Binti yako namrudisha.”

Baba yako alimpa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa, akamngoja amalize. Kisha akamuuliza mtoto ana siku ngapi. Baba akasema mbili.

“Siku mbili,” akasema baba yako, “na umemwacha mama yake peke yake ukaja kuzungumza na mimi. Rudi nyumbani, mwanangu.”

Baba alirudi akiwa karibu kukimbia, akafika jua likiwa bado halijazama. Hakukuambia. Miaka kumi na minane mmekula sahani moja na hakukuambia. Alisema amekuwa akijiahidi kila Kwaresima, na kila Kwaresima ukawa na kazi nyingi. Mwaka jana alidhani utapona, akasubiri upate nguvu kwanza. Alipofika hapo alishindwa kuendelea. Hatujawahi kumwona Baba akilia hivyo, hata siku ya kukuzika. Alisema watu wanakusifu kwa kuliamini Neno la Mungu, na mtu uliyelala naye nyumba moja hakuamini lile wala hakukuamini wewe, na ukaondoka hujui.

Kaka yako Kagaruki, aliyekuja kutoka Kamachumu kwa ajili ya Misa, alikuwa kwenye kona na sahani yake. Aliiweka chini.

“Shemeji,” akasema, “Felicitas alijua. Mzee wetu alimtumia habari wiki ileile.”

Baba alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. “Alijua? Akanyamaza miaka yote hiyo?”

“Mimi mwenyewe nilikuja kumchukua. Nilikuwa kijana, nina hasira, nikamwambia funga mizigo, huwezi kukaa na mtu kama huyu. Alikuwa ananyonyesha. Akaniambia, Kagaruki, Petro alimkana Bwana mara tatu, na bado akakabidhiwa kondoo wote. Huyu wangu amenikana mara moja, tena akarudi kabla ya jua kuzama. Akanipa chakula, nikaenda zangu.”

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele wakifukuza senene kwenye migomba. Baba alijifuta uso kwa kanzu, akatuambia tuandike yote kama yalivyosemwa, na Jumapili atasimama ayasome yeye mwenyewe mbele ya parokia, asisomewe na mtu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Byabato. Wanao Aristides, Alistidia na Buberwa. Kaka yako Kagaruki na wote wa Kamachumu. Wakwe zako na wajukuu wako wanne. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiziwa, Mama, na zikiisha tutakuja wenyewe.